Mikeka Saba Juu ya Paa la Boti

Habari za kifo cha Yusuf zilinikuta nikiwa juu ya ngazi. Nina mafundi kumi na wanane chini yangu, lakini mashine ikiwashinda wote mimi ndiye hupanda, na siku hiyo nilikuwa nimeingiza kichwa ndani ya kiyoyozi cha hoteli moja Mombasa, nikiwaonyesha vijana wenye vyeti vyao jinsi ya kusikiliza kompresa kwa sikio. Bashir, mtoto wa kwanza wa Yusuf, ambaye nilimfundisha kazi mwenyewe na leo ni fundi wangu mkuu, alikuja akashika miguu ya ngazi kwa mikono miwili. Nikamwambia, “Sema tu, sitaanguka.” Akasema, “Baba ametutangulia, Mzee.” Nikashuka, nikanawa mikono, nikaenda kukaa ndani ya gari nikiwa nimefunga vioo. Watu wanaonijua wanasema Mutua halii. Ni kweli sikulia. Nilikuwa nahesabu miaka, nikaona imepita thelathini na zaidi tangu aniulize swali moja, na sasa hakuna tena wa kujibiwa.

Nimekwisha kueleza katika kurasa za nyuma jinsi nilivyofungua karakana ya kwanza, halafu ya pili, halafu ya tatu, mimi mtu wa darasa la nne. Nimeandika kwamba hakuna aliyenisukuma, nilipanda kwa kucha zangu. Sura hii inaharibu maneno hayo kidogo, lakini sikuona njia ya kuiruka. Ni habari ya mwaka wa sitini na sita, Garissa, wakati wa shifta, wale wapiganaji wa msituni waliotaka Kaskazini ijitenge na Kenya, na ya boti ndogo yenye chumba.

Boti ile ilikuwa ya serikali. Barabara zilikuwa zimetegwa mabomu, magari yalikuwa yakiruka juu na watu wake, kwa hiyo wakubwa wakaona afadhali mto. Maji yakiwepo ya kutosha, waliteremka Tana mpaka Bura, na kiboko alikuwa afadhali kuliko bomu. Katikati ya boti kulikuwa na chumba cha plaiwudi chenye paa la bati, kikubwa kama zizi la mbuzi sita, na ndani yake kitanda, meza ya kukunja, viti viwili na madirisha ya vioo. Chumba chote kilipakwa rangi ya kijani kibichi iliyokolea ili kisionekane kwa mbali. Basi piga picha: bati la rangi nzito, jua la Garissa, na mtu ndani. Ukiingia saa sita mchana ulikuwa unaiva. Afisa mmoja akaleta mashine ya baridi iliyong’olewa kwenye ofisi fulani, ikatobolewa ukuta wa nyuma, ikaingizwa, ikaungwa na jenereta ndogo iliyokaa hapo hapo nyuma chini ya turubai. Ilivuma sana, na baridi yake ilikuwa kama pumzi ya mtu mwenye homa. Kabla ya saa nne asubuhi ilikuwa imejizima. Petroli ya jenereta iliyopaswa kufika Bura na kurudi ilikuwa ikiisha kwenda tu.

Mimi nilikuwa kibarua wa karakana ya serikali, umri wangu ishirini na mbili, kazi yangu kubadilisha matairi na kuchomelea. Mafundi wakubwa walikuwa wameitazama mashine ile wakasema gesi imepungua, tungojee gesi kutoka Nairobi. Nikamwambia Afisa, “Bwana, gesi iko. Mashine inavuta moto wake wenyewe.” Wenzangu wakanicheka. Mmoja akasema, “Mkamba amekwenda kwa mganga, amerudi na dawa ya upepo.” Lakini mimi nilikuwa nimeweka mkono nyuma ya mashine nikahisi: joto ililolitoa lilikuwa likigonga turubai, linachanganyika na moshi wa jenereta, linarudi kuingia pale pale. Ni kama mtu anayejifunika blanketi akilalamika jasho. Nikapewa wiki tatu, kwa sababu kulikuwa na mgeni anakuja kutoka Nairobi, mkubwa kuliko wakubwa wote tuliowajua, na mgeni huyo hakuweza joto. Afisa akaniambia kwa sauti ya chini kwamba mgeni akifika Bura bila kulalamika, mimi ataniandikia barua ya kwenda kusomea mashine za baridi Nairobi. Sikulala usingizi mzuri tangu siku hiyo mpaka barua ilipotoka.

Sikuwa na kipimajoto. Nilikuwa na kopo la mafuta ya kupikia, yale meupe yanayoganda. Nikaliweka juu ya meza ya kukunja bila kifuniko. Siku ya kwanza, kufika saa nne mafuta yalikuwa maji. Nikang’oa mashine nikaihamishia ukuta wa ubavuni, mgongo wake ukitazama mto ili pumzi yake iende zake. Mafuta yakayeyuka saa tano. Nikasafisha mapezi yake, yale mabati membamba ya mgongoni, kwa brashi ya viatu na maji ya sabuni, likatoka vumbi jekundu kama nimechinja kuku. Saa sita kasoro. Nikakata tyubu za lori vipande virefu nikaziba mianya ya mlango na ya madirisha, kila mahali nilipoweza kupitisha wembe. Saa sita. Nikashona mapazia ya kitambaa cha hema. Saa sita na robo. Baada ya hapo nikakwama, kwa sababu adui aliyebaki alikuwa paa. Niliomba kulipaka rangi nyeupe, Afisa akaniuliza kama nataka shifta wawe na kitu cha kulengea. Nikaweka magunia, yakakauka yakawa moto kuliko bati.

Hapo ndipo Yusuf anaingia. Yusuf ndiye aliyekuwa akiishika boti, kwa maana ya usukani. Alikulia kando ya mto, na alijua mchanga umehamia wapi kwa kutazama rangi ya maji. Alikuwa Msomali wa hapo hapo, mwembamba, mcheshi, na kwa sababu ya kazi hiyo alikuwa na kipande cha karatasi cha kumruhusu kutoka na kuingia katika kijiji cha ulinzi, nje kidogo ya mji, ambako serikali ilikuwa imewakusanya ndugu zake wote. Siku ile ya magunia alinitazama nikiyatupa, akasema, “Walaal,” yaani ndugu, “wewe fundi wa chuma. Hii si kazi ya chuma. Twende kwa mama.”

Mama yake aliitwa Halima. Nyumba yao ilikuwa ile ya duara wanayoiita aqal, ya miti iliyopindwa na kufunikwa mikeka, ambayo inaweza kufungwa na kupakiwa juu ya ngamia kabla chai haijapoa. Nje jua lilikuwa likipiga mpaka unasikia masikio yanalia. Nikainama nikaingia, na mpaka leo nikieleza vijana wangu kuhusu joto na kivuli nawaeleza habari ya kuinama kule. Ndani kulikuwa kama chini ya mti baada ya mvua. Hakuna mashine, hakuna waya. Mikeka ilikuwa minene kama godoro, upande wa nje ina nyuzi ndefu zinazoning’inia kama manyoya ya kondoo, na upepo ulipita kati ya tabaka mbili. Halima akatupa chai ya maziwa ya ngamia, tamu ya kubana koo, na anjera, zile chapati zao laini, zilizopakwa samli. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye mdomo mkali. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni lakini kilitosha kuniumiza. “Waryaa, fundi,” aliniambia, “hiyo baridi yenu nabiga kelele kama ngamia nataka kuzaa, halafu hapana zaa.” Yusuf akacheka mpaka akamwaga chai.

Upande wa ukuta kulikuwa na furushi kubwa, mikeka mipya saba imekunjwa na kufungwa kwa kamba pamoja na miti iliyopindwa tayari. Nikaishika. Nyuzi zake zilikuwa laini ajabu, na ukingoni umepita uzi mwekundu. Nikauliza bei. Halima akaniondoa mkono kama unavyomwondoa mtoto kwenye jiko. Yusuf akanieleza. Mikeka ile ilikuwa ya Hodan, dada yake, msichana aliyekuwa amekaa mlangoni akituchungulia. Kwao mama ndiye humjengea binti nyumba ya kuolewa. Wanachuna magome ya mgunga, wanayatafuna kwa meno mpaka yawe nyuzi, wanasuka, majirani wanakuja kusaidia na kuimba, na mama huwapikia. Ilikuwa imechukua miaka miwili. Ngamia wa bwana harusi wakija, nyumba inafunguliwa mbele ya watu, na msichana anaingia ndani akiwa mke. “Bila nyumba,” Yusuf akasema, “anaolewa wapi? Ataingia kwa mkeka wa mtu?” Bwana harusi alikuwa kijana wa upande wa Liboi, wakingoja tu ruhusa ya safari.

Halima hakuwa mchoyo. Alinipa mkeka mmoja wa zamani, uliochanika pembeni, akanionya, “Hii weka juu, acha mkono moja katikati, ubebo abite. Maji usitie. Maji nakula yeye.” Nikaupandisha juu ya vijiti, shubiri moja kutoka bati, ukafunika theluthi ya paa. Mafuta kwenye kopo yakafika saa saba unusu. Nilikimbia karakana nzima na kopo lile kama nimeshinda kombe. Wale mafundi wa gesi walitia vidole ndani, mmoja baada ya mwingine.

Sasa nifike mahali penyewe. Zilikuwa zimebaki siku tano mgeni aje. Afisa alikuja kujaribu chumba, akala chakula chake cha mchana humo, wali na nyama ya mbuzi, mlango umefungwa, mimi nimesimama pembeni nikinyoosha mkono mbele ya mashine kama mchuuzi anayesifu kitambaa. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akauliza ni nini nimefanya, na mimi, unanijua, nilimweleza kila kitu, mashine, mapezi, tyubu, mkeka. Nikasema paa lote likifunikwa mashine itapumzika nusu ya njia na petroli itabaki.

“Basi funika lote,” akasema.

“Mikeka hakuna, bwana. Huu nilipewa na mama yake Yusuf.”

“Hana mingine?”

“Anayo mipya saba.”

“Anaitumia?”

“Hapana, bwana. Imefungwa pamoja na miti.”

Akaweka uma chini. “Imefungwa?”

Kila mtu wa Garissa mwaka ule alijua neno hilo lilikuwa na maana gani. Amri ilikuwa kwamba hakuna kuhama kijijini. Nyumba ikikutwa imefungwa tayari kwa kupakiwa, ilihesabiwa kwamba wenyewe wanakwenda msituni kwa shifta. Nilijua hivyo kama nilivyojua jina langu. Na nilijua sentensi ya kusema. Ni ya harusi, bwana. Maneno manne. Yalikuja mpaka hapa kwenye meno. Nikaona pia, kwa haraka ile akili yangu inayonisaidia kwenye kazi, kwamba nikisema ni ya harusi mikeka itabaki kule, na nikinyamaza itakuja juu ya paa. Nikasema, “Ndiyo, bwana. Imefungwa.” Akauliza, “Yusuf mwenyewe anajua?” Nikasema hilo sijui. Akaendelea kula. Mimi nikabaki nikitazama kopo langu, mafuta meupe, magumu, mazuri.

Askari walikwenda alfajiri. Sikuwepo. Nilisikia kwa wapishi wetu, tukiwa kwenye foleni ya uji, mmoja akimwambia mwenzake, “Yule mama mrefu amepigana nao. Amekumbatia mikeka kama mtoto.” Mwenzake akasema, “Si angeiacha tu, mikeka ni mikeka.” Walimchukua Halima wakamweka ndani siku kumi na moja. Wakachukua na ngamia wao wawili wa kubebea. Mikeka ikaletwa kwetu saa mbili kwa lori, na nikaikata. Nasema niliikata mwenyewe, kwa kisu cha kukatia tyubu, ili ikae vizuri pembeni za chumba. Uzi mwekundu ulikuwa mgumu, nikaurarua.

Yusuf alikuja kazini siku ya safari kwa sababu asingekuja angefungwa naye. Aliruka ndani ya boti, akatembea mpaka kwenye usukani, na akiwa amekwisha ushika akageuka akatazama paa. Aliinua mkono akagusa nyuzi. Halafu akawasha injini. Mgeni alikuwa ndani na koti lake, na njiani nikasikia kupitia plaiwudi akimwambia Afisa kwamba kumbe Kaskazini si kubaya kama wanavyosema. Mimi nilikuwa na ndoo. Kila saa nilichota maji ya mto nikaimwagia mikeka, kwa sababu niligundua kwamba ikilowa baridi inaongezeka mara mbili, na ni kweli, huo ni ufundi, maji yakikauka yanaondoka na joto. Halima aliniambia nisitie maji. Lakini mimi nilitaka Bura tu. Mashine haikujizima hata mara moja. Mafuta yalifika jioni yakiwa yameganda.

Tulilala Bura siku mbili. Siku ya pili tulikuwa tumekaa ukingoni, mimi na Yusuf, tukila maharagwe ya askari kutoka sufuria moja. Akala kidogo, akafuta vidole kwenye nyasi.

“Mutua.”

“Naam.”

“Mama anasema ni mimi. Nilipeleka chakula alipofungwa, amekataa. Anasema, kijana wangu anakula mkate wa serikali, amelipa na nyumba ya dada yake.”

Nikasema, “Atapoa.”

“Walioona mikeka imefungwa ni sisi na majirani. Majirani hawaingii boti. Umemwambia mtu?”

“Mimi? Hapana. Labda ni askari wa doria, wanachungulia nyumba za watu.”

“Wallahi?”

“Haki ya Mungu,” nikasema, na msalaba ulikuwa shingoni mwangu.

Alinitazama muda wa mtu kumeza tonge. Halafu akasema, “Haya. Nimekusikia.” Akanisogezea sufuria nimalizie. Hakuniuliza tena maisha yake yote.

Barua yangu ilitoka mwezi huo huo. Kila kitu nilicho nacho kimetoka katika barua hiyo. Watu wa bwana harusi walituma neno kwamba hawawezi kungoja nyumba nyingine, na kwamba msichana ambaye nyumba yake imechukuliwa na askari ana mkosi. Kijana akaoa kwingine. Hodan baadaye aliolewa na mzee mwenye wake wawili, akaingia katika nyumba iliyokwisha kaliwa na mwingine. Mikeka ilioza kwa maji yangu kabla ya miezi mitatu. Niliambiwa ilitupwa karakana, watu wakafutia miguu. Mimi nilikuwa Nairobi nikijifunza majina ya Kizungu ya vitu nilivyokwisha kuvijua. Baadaye nikamtafuta Yusuf. Nikawa napeleka nguo, nikamchukua Bashir, nikasema mbele ya watu kwamba rafiki hatupwi. Watu walinisifu, nami nikazipokea sifa.

Tulifika Garissa siku ya tatu ya tanzia. Bashir alinipeleka, lakini nikashangaa gari linapita nyumba ya Yusuf bila kusimama, linakwenda mpaka kwa Hodan, mitaa miwili mbele. Nikauliza. Bashir akasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeeleza njia, “Bibi haingii kwa Baba, Mzee. Hajawahi. Hata sisi tulipozaliwa tulipelekwa kwake nje. Kwa hiyo waombolezaji wake wamewekwa huku, na wa Baba wako kule.” Sikujua. Katika miaka yote hiyo, Yusuf alikuja kwangu Nairobi mara ngapi sijui, alilala kitanda changu, akala mezani kwangu, na hakunidokezea. Nilidhani Halima alikwisha poa, kama nilivyotabiri.

Walinikalisha na wanaume nje, chini ya turubai, wakanipa chai na mahala pa heshima. Mzee mmoja akasema huyu ndiye rafiki wa marehemu, Mkamba aliyemlea Bashir. Sikuweza kuinywa chai ile. Nikamwomba Hodan aniingize kwa mama. Hodan sasa ni mwanamke mnene, mpole, wajukuu wanamng’ang’ania nguo. Akaniambia, “Haoni vizuri, lakini anasikia. Sema pole tu, utoke, amechoka.” Halima alikuwa amekaa sakafuni ameegemea ukuta, amekuwa mdogo. Wanawake kama kumi walikuwa wamemzunguka. Nikavua viatu, nikapiga magoti, nikasema pole. Halafu nikasema mengine, kwa Kiswahili, na Hodan akawa anatafsiri kwa Kisomali. Nilisema mimi ni yule fundi wa boti. Nilisema aliyewaambia wakubwa kuhusu mikeka ni mimi. Hapo Hodan aliacha kutafsiri, akanitazama, na ikabidi nimwambie, “Mwambie, dada.” Akamwambia. Nikasema nilijua ni ya harusi na sikusema. Nikasema Yusuf hakujua lolote, aliniuliza, nikamwapia uongo.

Bibi kizee hakulia wala hakunitukana, na mimi nilikuwa nimejitayarisha kwa yote mawili. Akasema kwa Kiswahili chake kile kile, “Sema tena. Na nguvu. Wote wasikie.” Nikasema tena, mwanzo mpaka mwisho. Mwanamke mmoja akashika mdomo. Halima akaelekeza kidole mlangoni. “Sasa wanaume.” Nikatoka bila viatu, nikasimama mbele ya wazee chini ya turubai, Bashir akiwa kati yao na birika mkononi, nikasema mara ya tatu. Sauti yangu, ambayo inaita mafundi kutoka upande wa pili wa barabara, ilikuwa ndogo. Bashir aliweka birika chini.

Nyuma yangu nikasikia fimbo. Halima alikuwa ametoka, Hodan amemshika mkono mmoja, mjukuu mwingine. Alipita karibu nami kama mtu anavyopita nguzo, akauliza kitu kwa Kisomali, na Hodan akamwelekeza upande wa kulia. Wazee wakasimama, wakamfuata polepole, na mimi nikafuata nyuma ya wote. Ilichukua muda mrefu, mitaa miwili, jua kali, akisimama kila mara kupumua. Kwenye nyumba ya Yusuf mkewe alitoka akaona ni nani, akaufungua mlango wote. Halima akaupapasa mwimo wa mlango kwa kiganja, juu na chini, kama anayepima, akaita jina la mwanawe kwa sauti ya mtu anayebisha hodi, akaingia. Wengine wakaingia baada yake. Mimi nilibaki nje.